Vidole vya Zuhura na Matairi Niliyoyapaka

Nakumbuka Idi moja, mwanangu, iliyoangukia katikati ya msimu wa korosho. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimevaa kanzu mpya, na moyoni nimeficha jambo chafu. Ningependa kukusimulia kwa utaratibu, kama mtu mzima anavyopaswa kusimulia, lakini nina hasira, na hasira yenyewe bado mbichi, ya Jumamosi iliyopita. Ukiona mahali nimepandisha sauti, nivumilie.

Unajua kwamba hapa Lindi mjini kila Jumamosi asubuhi vijana mnashindanisha magari ya umeme ya rimoti kwenye uwanja wa saruji. Nami unanijua. Ndimi yule mzee anayekaa kwenye kivuli cha ukuta na kisanduku cha springi na skrubu, mnayemwita Babu Springi. Watu wa rika langu wananicheka, wanasema mzee mzima anacheza na vigari. Mimi nawaacha wacheke. Gari lile lina urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole, lakini lina mota, lina mkanda, lina difu mbili, lina springi nne, na linamfunua mtu tabia yake upesi kuliko safari ya Dar es Salaam.

Jumamosi hiyo gari la kina Shani lilizimika katikati ya mbio, likatoa moshi. Mota imeungua. Shani ndiye aliyekuwa ameshika rimoti, na mnajua wenyewe kwamba uwanja mzima hakuna mwenye mkono uliotulia kama wake. Lakini wenzake watatu wa gari lile walimzunguka, wakasema amekanyaga moto bila kupumzisha, hajui kusikiliza mota, amewatia hasara. Wakampokonya rimoti mbele ya watu. Mmoja akamwambia aende akapike. Binti wa watu akaondoka kwa miguu, hata chupa yake ya maji akaiacha ukutani.

Na mmoja kati ya wale watatu anajua kwa nini mota iliungua. Sitamtaja jina. Anajijua. Kwa ajili yake nimekaa chini kuandika, nanyi wengine sikilizeni, maana aliyefikwa leo ni yeye, kesho ni wewe.

Sasa turudi kwenye Idi yangu.

Kijiji chetu kiko upande wa Pande, wilaya ya Kilwa, na fundi wetu wa redio alikuwa Fundi Gervas, Mmatumbi wa Kipatimu, Mkatoliki aliyelelewa misheni, aliyeshuka kutoka vilimani akaona kijiji kina redio nyingi zilizonyamaza, akabaki. Idi alikula pilau kwetu, Krismasi sisi tulikula kwake. Kulikuwa na mhandisi mmoja wa kutengeneza barabara aliyekuwa na magari mawili ya aina hii. Yalipomharibikia alimletea Fundi, na muda wake ulipokwisha akarudi kwao, akamwachia yote, pamoja na kisanduku cha gia na springi. Ndicho kisanduku hiki hiki mnachokiona.

Fundi Gervas hakutuachia tucheze. Alitufundisha gari kuanzia chini, mimi na Zuhura. Zuhura alikuwa binti wa shangazi yangu, mdogo wangu kwa miaka miwili. Msimu wa korosho alifanya kazi ghalani, akichambua korosho nzuri na mbovu, na msimu ukiisha alisuka mikeka. Mtu anayesuka mkeka tangu utoto ana vidole vinavyojua kuvuta bila kukata. Siku Fundi alipomwona akizungusha gari kwa rimoti alimwambia, "Wewe ndiye dereva. Hemedi atakuwa mshika spana." Hemedi ni mimi. Nilikubali kwa mdomo.

Tulifunzwa hivi. Gia ndogo ya mota na gia kubwa inayozungushwa nayo usizisogeze kwa macho. Kata kipande cha karatasi ya daftari, kipitishe katikati ya meno, zibananishe gia hizo, kaza skrubu, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka imejikunja bila kuchanika, umepatia. Zikibanana mno mota inalia na kuchemka, zikiachana zinasagana meno. Baada ya dakika tano za kukimbia, weka kidole kwenye mota uhesabu mpaka tano. Ukishindwa kufika tano, gia ndogo ina meno mengi kuliko nguvu ya mota, punguza. Usiongeze ubishi.

Difu nayo, ndiyo inayoruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani gari linapokata kona. Ikikazwa mno magurudumu yanagombana, na kwenye sakafu ya utelezi mkia wa gari unaondoka. Springi ngumu kwenye sakafu laini hazifai, maana tairi halipati nafasi ya kukaa chini. Haya nimeyarudia Jumamosi zote, na bado nawaona mnakaza kila kinachokazika, kwa sababu mnadhani kilichokazwa ndicho chenye nguvu.

Lakini juu ya yote hayo kulikuwa na daftari. Daftari la shule la kurasa themanini, limening'inia kwa uzi kwenye meza ya Fundi. Kila ulichogusa kwenye gari ulikiandika, hata kama ni nusu mzunguko wa skrubu, kisha ukamsomea dereva kwa sauti kabla hajashika rimoti. Dereva asiposomewa, gari haliondoki. Nikamuuliza siku moja kwa nini tusumbuke hivyo, gari si letu sote? Akanijibu, "Spana unaishika wewe, lakini watu wanamtazama yeye. Usimtume mtu mahali ambapo hujamwambia kuna nini."

Nilisikia. Kusikia kulikuwa kwa sikio tu.

Mwaka ule vijana wa Lindi walipata habari zetu, wakasema watakuja na gari lao siku ya Idi. Mwenye ghala la korosho alitukubalia sakafu yake, kwa sababu pale tu ndipo palikuwa na saruji ya kutosha. Namwita mwenye ghala kwa kuwa ndivyo alivyojiona. Kusema kweli alikuwa mtunzaji tu, Bwana Nandonde, mtu wa funguo nyingi kiunoni. Magunia yaliyojaa yalipangwa upande mmoja karibu na nguzo, upande mwingine ukawa wazi. Sharti lake lilikuwa moja, asiguse mtu korosho hata moja.

Tulijaribu gari siku mbili kabla. Sakafu ile ilikuwa imesuguliwa na magunia miaka mingi mpaka inang'aa, tena ina vumbi la korosho. Kila kona mkia wa gari uliteleza. Fundi Gervas akatazama kidogo tu, akasema, "Legeza difu ya nyuma robo mzunguko. Weka springi laini nyuma. Punguza jino moja kwenye mota. Litakuwa pole kidogo, lakini litamaliza mbio."

Litakuwa pole. Neno hilo lilinichoma. Watu wa Lindi waje na mbio, sisi tuwe pole? Tena nilikuwa nimesikia kwamba wao wana chupa ya dawa ya kupaka matairi, waliyoachiwa na mhandisi mwingine, na tairi likipakwa linanata. Mimi sina chupa. Nina nini? Akili nyingi huondoa maarifa, mwanangu. Nikawaza mafuta ya maganda ya korosho.

Wewe uliyezaliwa kwetu huhitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa wageni. Ndani ya ganda la korosho mna mafuta meusi, mazito, yanayonata, na yakigusa ngozi yanaiunguza. Hayaunguzi papo hapo. Siku ya kwanza unaona weusi tu, siku ya pili ngozi inavimba, kisha inabanduka. Kwa hiyo wabanguaji hupaka mikono majivu, na aliyebangua kwa siri bila kujipaka anajulikana kijiji kizima kwa kutazamwa vidole. Kwetu vidole vilikuwa ushahidi kuliko kiapo. Korosho ikipotea, neno la kwanza lilikuwa, tuone mikono.

Nilikusanya maganda, nikayakaanga kwenye kopo nyuma ya nyumba yetu mpaka yakatoa mafuta, nikayapaka kwenye matairi manne kwa unyoya wa kuku. Mikono yangu niliivalisha mifuko ya nailoni. Zingatia hapo. Yangu niliivalisha. Nikayafuta kwa kitambaa, nikaona yamekauka, yananata vizuri. Difu sikulegeza. Springi sikubadili. Jino sikupunguza. Kwenye daftari nikaandika yale matatu aliyosema Fundi, kama vile nimeyafanya, kisha nikamsomea Zuhura kwa sauti nzuri kabisa. Akanishukuru.

Zuhura alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuanza alilichukua gari, akafuta vumbi kwenye kila tairi kwa vidole, mara mbili mbili, taratibu. Nilimwona akifanya hivyo siku ya Idi, kitenge chake kipya kimefungwa vizuri, watu wameshakusanyika. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Nikajiambia mafuta yameshakauka, hayatamfanya kitu, na nikisema sasa nitaulizwa mengine. Nikanyamaza. Mpaka leo nikifika hapa najisikia kujipiga kofi.

Mizunguko miwili ya kwanza gari letu lilikuwa mbele. Lilikata kona kama limefungwa kamba. Watu walipiga makofi, nami nikaanza kukubali pongezi, nikisema ni mambo ya ufundi tu. Mzunguko wa tatu matairi yalikuwa yamepata moto, yakanata kupita kiasi. Kwenye kona ya nguzo, gari ambalo lilipaswa kuteleza kidogo lilishika sakafu, likajikwaa, likapinduka mara tatu, likaingia kwenye magunia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii tulikuwa tukiitupia watu wengine tu.

Nikakimbilia kulichukua. Mkono wa mbele wa gari ulikuwa umevunjika, na pini yake ya chuma ilikuwa imekata uzi wa gunia moja kuukuu lililojaa nusu, lililokuwa sakafuni peke yake. Korosho zilikuwa zinamwagika nyuma ya nguzo. Nikatazama huku na huku. Macho ya watu yalikuwa kwa Zuhura. Nikalisukuma gunia kwa mguu, mdomo wake ukaelekea ukutani, nikatoka na gari mkononi kana kwamba sikuona kitu. Funika kombe mwanaharamu apite. Nilipogeuka, watu walikuwa wanacheka. Mwanamke na gari wapi na wapi, mmoja alisema. Zuhura alikuwa ananitazama, akasema, "Nisamehe kaka, nimeingia kona kwa pupa." Nikamjibu, "Ndiyo ajali, usijali." Nilimsamehe, mwanangu. Nilimsamehe kosa langu mwenyewe.

Idi ile ilikuwa Jumatatu. Jumatano vidole vya Zuhura vilikuwa vyeusi, ngozi ya ncha imeinuka. Hakujua kimemsibu nini. Shangazi akampaka mafuta ya nazi. Siku hiyo hiyo ghalani wakaona gunia lililofunguka, na korosho nyingine hazipo, maana kuku na watoto walikuwa wameshapita. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Bwana Nandonde alikuja nyumbani kwa shangazi mchana, na wazee wawili, akakataa kiti. Akasema, "Zuhura, nyoosha mikono."

Akanyoosha. Binti aliyekuwa hajaiba hata sindano alinyoosha mikono yake mbele ya watu, kwa sababu alijua ni safi.

"Vidole hivi vimebangua korosho," Bwana Nandonde akasema.

"Sijabangua, baba. Wallahi sijabangua."

"Vidole havisemi uongo."

Akaambiwa asirudi ghalani, na Ijumaa baada ya sala aje barazani ale yamini mbele ya msahafu. Mimi nilikuwa uani, nyuma ya ukuta wa makuti, nasikia kila neno. Nilikuwa na maneno kumi tu ya kumwokoa, na miguu yangu ilikuwa mizima, na umbali ulikuwa hatua nane. Sikwenda. Nilikuwa nahesabu nitakavyochekwa mimi, fundi wa matairi. Jioni ile shangazi alikwenda kisimani kwa njia ya nyuma, amejifunika uso, na wanawake wakanyamaza alipofika. Kilichokuwa hatarini hapo ni jina la mtoto wa watu. Kwetu binti akishaitwa mwizi wa korosho, hakuna ghala litakalompa benchi na hakuna nyumba itakayomposa kwa moyo mweupe. Nilijua yote hayo. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nililichuma peke yangu, nikamwachia yeye ale.

Alhamisi asubuhi Fundi Gervas aliniita. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi." Hakuitikia marahaba, na tangu nimjue ilikuwa mara ya kwanza. Gari lilikuwa mezani limefumuliwa. Alikuwa ameshika tairi moja kwa koleo, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

"Soma daftari," akasema.

Nikasoma. Difu ya nyuma imelegezwa robo. Springi laini nyuma. Jino moja limepunguzwa.

"Difu nimeipima. Haijaguswa. Springi ni zile zile ngumu. Gia ni ile ile. Sasa nisomee na yale ambayo hukuandika."

Akangoja. Fundi alijua kungoja, maana redio hazina haraka. Nikamwambia yote, kopo, unyoya, mifuko ya nailoni, gunia. Nilipofika kwenye mifuko ya nailoni alisimama.

"Ulijua inaunguza," akasema. "Ungekuwa hujui ningekuita mjinga, na mjinga anafundishwa. Wewe ulijikinga mikono, ukamkabidhi yeye. Mimi nimetoka Kipatimu, nimeona watu wakiiba, nimeona watu wakipigana kwa mashamba. Sijaona mtu akimpa dada yake sumu mkononi kisha akamwambia usijali ni ajali. Gari hili nitaliunga. Mkono wa plastiki ni kazi ya nusu saa. Yule binti kesho anakwenda kula yamini, na kuna watu hawatamwamini hata akila. Huyo utamuunga na nini?"

Nikaanza kusema nilikuwa nataka tushinde sote. Akanikatiza kwa Kimatumbi, neno ambalo sitaliandika, kisha akasema kwa Kiswahili, "Kanichukulie kopo."

Ijumaa baada ya sala nilikwenda barazani na gari na kopo. Zuhura alikuwa amekaa mkekani na mama yake, vidole vimefungwa kitambaa. Msahafu ulikuwa umeshaletwa. Nikaomba ruhusa, nikasimama, nikasema. Unadhani waliniamini? Waliguna. Bwana Nandonde akacheka, akasema huyu anamkinga binti wa shangazi yake, damu nzito, hakuna mtu anayepaka gari mafuta ya korosho. Nilikuwa nimenyamaza ukweli ulipokuwa na thamani, na sasa niliposema ukaonekana uongo. Ndiyo bei yake.

Basi nikafungua kopo. Nikachovya vidole vya mkono wa kulia, vyote vitano, mpaka kwenye viungo vya pili, nikavitoa vinachuruzika. Shangazi aliita jina langu. Nikasema, "Hivi si vidole vya mbanguaji, mmeviona vikiwa vyeupe. Tazameni tairi, tazameni kopo. Jumapili mje mlinganishe na vya Zuhura. Na yamini asile. Aliyestahili kula ni mimi." Nikawapeleka ghalani, nikawaonyesha gunia na uzi uliokatwa na chuma cha gari, limekaa pale pale nilipolisukuma.

Jumapili ngozi yangu iliinuka, vile vile, mahali pale pale. Wakaja kuangalia. Bwana Nandonde alitikisa kichwa, akasema haya, yamekwisha. Na hapa hasira yangu inarudi, nivumilie tena. Walimtuhumu mbele ya kijiji, wakamwomba radhi uani, kwa sauti ya chini, mlango umerudishwa. Hakuna aliyesimama msikitini kusema tulimwonea. Fundi Gervas, ambaye hata hakuwa wa msikiti ule, ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba na kidole chake cheusi, akisema mtazameni, hata mimi basi ni mwizi wa korosho.

Zuhura alirudi ghalani. Mimi nilimfuata kumtaka radhi, nikiwa nimefunga mkono, nadhani nilitegemea ataniambia nimekuwa jasiri. Akasema, "Kaka Hemedi, siku ile nafuta matairi ulikuwa umesimama hapa." Akaonyesha kwa kidole chenye kitambaa, umbali wa hatua moja. "Ungeniambia tu. Ningenawa."

Idi iliyofuata aliendesha tena, na sakafu ilikuwa ile ile. Alikuja mezani kwa Fundi mapema, akalegeza difu mwenyewe, akabadili springi mwenyewe, akapunguza jino, akaandika daftarini kwa mwandiko wake wa duara. Gari likawa pole kidogo, likamaliza mbio, likashinda. Mimi nilipiga makofi kama watu wengine. Leo ana wajukuu Milola, tukikutana harusini au msibani tunazungumza vizuri, ananiuliza habari za watoto. Lakini tangu mwaka ule hajanipa spana. Ukucha wangu wa kidole gumba cha kulia uliota umepinda, na mnauona kila Jumamosi, na mmeniuliza mara nyingi nikawaambia ni ajali ya nyundo. Nilidanganya. Sasa mmeujua.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu nitaisema wazi, maana wengine wenu mnapenda hadithi na mnaruka funzo. Gari lisiloshika kona, rekebisha kile kinacholifanya lisishike. Usitafute dawa ya kupaka juu. Anza na difu, njoo kwenye springi, mwisho gia, na badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa, andika. Ukiandika, andika ulichofanya. Na aliye na rimoti mkononi umsomee, kwa sababu aibu itakapokuja haitapita kwako, itakwenda moja kwa moja kwake. Ukikosea na mwenzio akalaumiwa, sema saa ile ile, kabla hata gari halijapoa. Ukingoja, ukweli wako utahitaji kuunguza vidole ili uaminike. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anaowakanyaga njiani ni watu wazima wenye majina yao.

Nawe unayejijua, sogea karibu. Jumamosi Shani alikwenda kunawa, rimoti akaiacha juu ya kiti. Ulichukua spana yako ndogo, ukatoa gia ya mota, ukaweka yenye meno matatu zaidi, ukaifunika kwa bodi, ukakaa. Hukuweka karatasi katikati ya meno. Hukumwambia. Mota ilipotoa moshi wewe ndiye uliyetangulia kumnyooshea kidole. Nilikuona. Nilikuwa mita tano kutoka kwako, na kisanduku mapajani, na sikusema neno. Nilijiambia ni mambo ya vijana, nitaonekana mchonganishi, watanifukuza kivulini. Leo ni Jumatano. Siku nne zimepita, na binti wa watu yuko kwao anadhani ni yeye.

Ndiyo maana nimeandika kwa hasira. Nilinyamaza siku nne nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nimenyamaza siku nne tena na mvi kichwani. Ujana ungeweza kunitetea mara ya kwanza. Mara hii sina cha kunitetea.

Jumamosi kabla ya mbio utasimama wewe, umpe rimoti mkononi, mbele ya wale wale waliomwona akipokonywa, useme meno uliyaongeza wewe. Usimwendee uani. Ukisimama, nitasimama pembeni yako, niseme nami kwamba niliona nikanyamaza, tuchekwe wawili. Usiposimama, nitasimama peke yangu, na nitataja majina mawili, lako na langu.

Mola akupe mkono mwepesi kwenye skrubu na mdomo mwepesi kwenye kukiri. Akujaalie rafiki wa kukusomea kila alichogusa, na akulinde usiwe mtu wa kuvaa mifuko mikononi huku mwenzio yu mikono mitupu. Chupa ya maji ya Shani ninayo mimi, nimeiosha, nitakuja nayo.